Njia za kutoka Haines

"Kaka, mji tumeshaupata. Ni Haines."

Shemeji alinipigia usiku mmoja wa Oktoba 2024 kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulipa. Bahati nzuri hakuwa amelipa chochote, alikuwa amependa tu. Ninakiandika kisa hiki kwa ruhusa yao, bila majina.

Wako wanne. Dada ni muuguzi. Si wa tumbo moja nami, ni wa kuitana, ila miaka imepita na tofauti hiyo tumeisahau. Shemeji ni fundi wa injini za dizeli. Watoto ni wawili, na yule mdogo wa miaka 7 ana pumu ambayo mwaka huo ilikuwa imempeleka hospitali usiku mara mbili. Waliingia Marekani kwa bahati nasibu ya viza, wana grini kadi, na walikuwa wamekaa karibu na Seattle miaka minne. Kodi ya nyumba iliwachosha, foleni za magari zikawamaliza. Julai walipanda feri pale Bellingham kuja kutembea kusini-mashariki mwa Alaska, ninakoishi mimi mwaka wa saba sasa. Uamuzi wa kuhama waliufanya humo humo ndani ya feri, kilichobaki kikawa kuchagua mji.

Kwa asiyeijua sehemu hii: ni ukanda mwembamba wa visiwa, milima na vidole virefu vya bahari, Kanada ikiwa mgongoni na Pasifiki usoni. Juneau, makao makuu ya jimbo, ilikuwa na watu 32,255 katika sensa ya 2020, na hakuna barabara inayoiunganisha na mji mwingine wowote. Unafika kwa ndege au kwa maji. Karibu miji yote ya huku ni hivyo hivyo. Iliyounganishwa na bara kwa barabara ni Haines, Skagway na kijiji kidogo cha Hyder, basi. Jimbo linaendesha feri tangu 1963, na mfumo huo unaitwa rasmi barabara kuu ya baharini, wala hakuna anayecheka. Mfano ninaoupenda ni wa Haines na Skagway. Kati yao kuna maji ya kilomita 24 hivi, feri inavuka kwa saa moja. Ukiamua kwenda kwa gari ni kama kilomita 580, unaingia Kanada, unazunguka kwa Whitehorse, unarudi Marekani.

Niliwaomba waniandikie kila mji waliouwaza, hata ule waliouwaza kwa dakika tano. Ikaja mitano: Skagway, Haines, Petersburg, Wrangell na Sitka. Ketchikan Dada alikuwa ameshaifuta mwenyewe aliposoma kwamba hupata zaidi ya milimita 3,500 za mvua kwa mwaka. (Dar es Salaam, kwa kulinganisha, ni kama 1,100.) Shemeji alikuwa ameweka kwenye hesabu zake hata ile hela ya mafuta ambayo jimbo huwagawia wakazi kila mwaka: dola 3,284 mwaka 2022, dola 1,702 mwaka 2024. Nikamwambia aitoe. Kwanza ni lazima umalize mwaka mzima wa kalenda ukiwa mkazi. Pili, ni ile ile kila mji. Kitu kilicho sawa kila mahali hakichagui mji, kinajaza karatasi tu.

Skagway tuliimaliza haraka. Ni mji wa wakazi 1,240 kwa sensa ile, na kwa msimu mmoja wa kiangazi hupokea wageni karibu milioni 1 wa meli za kitalii. Oktoba meli zikiondoka, mtaa mkuu unabaki na madirisha yaliyopigiwa mbao. Pana kituo cha afya, hospitali hakuna. Na nyumba za kupanga zinagombewa na vijana wa kazi za msimu. Mtu anayeishi kwa utalii, Skagway inamfaa sana. Muuguzi mwenye mtoto wa pumu, hapana.

Haines ndiyo ilitutia kazi, kwa sababu ni nzuri kweli kweli na sikutaka kuonekana ninawaharibia. Walikuwa wamefika siku ya anga safi. Waliona milima ya Chilkat imesimama mpaka kwenye maji, nyumba nyeupe za kambi ya zamani ya jeshi ya Fort Seward, watu wanaosalimia. Novemba tai wenye vichwa vyeupe hukusanyika kwa maelfu kwenye mto wa Chilkat kula samoni wa mwisho. Watu wa wilaya nzima ni 2,080. Kisha kuna barabara. Hoja ya Shemeji yote ilisimama juu ya barabara hiyo. "Mji wenye barabara hauwezi kukufungia ndani," aliniambia. "Mtoto akizidiwa usiku, ndege zimekataa, mimi ninawasha gari."

Nikamuuliza anaelekea wapi na hilo gari.

Barabara ya Haines ina kilomita 245 hivi mpaka Haines Junction, na sehemu kubwa yake iko Kanada. Mji wenye hospitali kubwa ya karibu kwa njia hiyo ni Whitehorse, yapata kilomita 400 kutoka Haines, na njia yenyewe inapanda mlima wazi ambako theluji inayopeperushwa na upepo huifunga barabara. Kituo cha mpakani hufungwa usiku. Kwa hiyo ile picha ya kuwasha gari saa saba za usiku ilikufa hapo hapo. Hata mchana, mgonjwa anaingia hospitali ya nchi nyingine na bima ya Marekani, jambo linalotaka simu nyingi kabla na bili nyingi baada. Wenyeji wa Haines wakizidiwa huvushwa kwenda Juneau au mbali zaidi kwa ndege. Mjamzito huvuka wiki kadhaa kabla ya siku zake. Hiyo barabara wanaitumia kwa mengine, na wanaipenda, lakini kwa dharura ya afya hawaitegemei.

Halafu nikauliza swali ambalo nilidhani ni la kupita tu. Mwenye grini kadi haombi viza kuingia Kanada, ila lazima awe na grini kadi hai pamoja na pasipoti hai ya nchi yake. Pasipoti zenu zinaisha lini?

Kimya. Nikasikia droo inafunguliwa. Pasipoti ya Shemeji ilikuwa imekufa miezi minane iliyopita. Wala hakujua, kwa sababu tangu aingie Marekani hakuwa ameitumia. Kadi yake ilitosha kila mahali. Kuihuisha kunapitia ubalozini Washington, upande wa pili wa bara. Yaani ile barabara iliyowafanya waipende Haines, kwa baba wa nyumba haikuwepo. Na mama mkwe akija kutembea kwa viza yake ya utalii ya Marekani, kwake pia haipo mpaka apate viza ya Kanada.

Hapa ndipo nilipoelewa mwenyewe ninachotafuta. Miaka yote huku nimesikia watu wakihesabu njia za mji: Haines ina tatu, ndege, feri na barabara, Petersburg ina mbili. Hesabu hiyo inadanganya. Njia ihesabiwe kwa mtu fulani, na karatasi zake, na mgonjwa wake. Kisha uulize kama hizo njia hufa siku moja. Njia mbili zinazozimwa na dhoruba ile ile ni njia moja yenye majina mawili.

Haines imeshafanyiwa mtihani huo, na mwaka wa mtihani ulikuwa 2020. Mwanzoni mwa mwaka feri kuu za eneo hili zilikuwa nje ya kazi, nyingine zikisubiri matengenezo, nyingine zimefungiwa kwa kukosa bajeti, na miji ikakaa wiki kadhaa bila huduma. Machi mpaka wa Kanada ukafungwa kwa safari zisizo za lazima. Ukabaki hivyo mpaka Agosti 2021, Kanada ilipowafungulia kwanza Wamarekani na wakazi wa kudumu waliochanjwa. Desemba 2, 2020, baada ya mvua kubwa kunyesha juu ya theluji, mlima uliporomoka kwenye Beach Road, watu 2 wakafa na barabara za mji zikakatika huku na huku. Mji wenye njia tatu ulipoteza mbili ndani ya mwaka mmoja, na ndege ndogo ndiyo iliyobaki ikisubiri mawingu yainuke.

Sisemi Haines ni mji mbaya. Ningekuwa raia, sina mtoto mgonjwa, nafanya kazi ya mikono, ningehamia kesho.

Niliwaomba jambo moja kabla ya kuamua: waje tena, Novemba. Julai huku kila mji ni bibi harusi. Shemeji hakupata likizo, akaja Dada peke yake kwa siku tisa. Mpango ulikuwa alale kwangu Juneau, asubuhi aruke Haines, arudi, ashuke Petersburg na Wrangell, amalizie Sitka.

Asubuhi hiyo nilimsindikiza mpaka kaunta ya ndege ndogo. Dada ameshazoea viwanja vya ndege, lakini hapa dada wa kaunta alimuonyesha mzani wa chini. Apande na koti lake, mkoba wake, kila kitu. Alinitazama kama anayeuliza huu ni utani gani. Namba ikasomwa, ikaandikwa, na ndiyo itakayoamua akae kiti gani. Ndege inabeba watu wachache na rubani anaruka kwa kutegemea macho yake, asipoona, haendi. Nje mlima uliokuwa ng'ambo ya uwanja ulikuwa umepotea wote, imebaki kijivu. Tulikaa mpaka saa nane mchana. Kila baada ya saa moja dada wa kaunta alitoka dirishani, akaangalia kijivu, akarudi. Hakuna aliyelalamika. Mzee mmoja wa Kitlingit, wenyeji wa asili wa huku, alikuwa amebeba godoro la mtoto lililokunjwa, akalitumia kama mto akalala.

Kesho yake hivyo hivyo. Feri ya wiki hiyo ilikuwa siku mbili mbele. Dada hakufika Haines kabisa.

Siku mbili za ukungu si takwimu, na nilimwambia hivyo. Hata jeti za huku hupita juu ya mji bila kutua wakati mwingine, abiria wanauona uwanja wao kwa chini wanaupungia mkono. Lakini yeye alikuwa ameshatoa hukumu pale kaunta. "Mimi nimefanya kazi ya usiku," aliniambia. "Najua dakika arobaini za pumu zinavyokuwa. Siwezi kukaa na huyu mtoto mahali ambapo wanaangalia dirisha."

Siku ya tatu alipanda jeti kwenda Petersburg. Ndege inayohudumia Petersburg na Wrangell ni Boeing 737, inashuka toka Juneau na kupanda toka Ketchikan kama daladala. Kipande cha Petersburg na Wrangell ni kilomita 50 tu. Inaruka, inageuka, inatua. Huduma hiyo ipo kwa sababu serikali kuu huilipia ruzuku chini ya mpango ulioanzia 1978, bei za ndege zilipoachiwa huru na ikahofiwa kwamba miji midogo itaachwa. Hili lina maana kwa anayehama: njia yako kuu ya kutoka inategemea kura za watu walio mbali sana na wewe. Nililiandika kama udhaifu wa Petersburg. Bado ni udhaifu.

Petersburg iko ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Mitkof, watu 3,398 kwa wilaya nzima. Ilianzishwa na Wanorwei waliofuata samaki na barafu ya kuwahifadhi mwishoni mwa karne ya 19, na ukumbi wao wa 1912 bado umesimama juu ya nguzo kwenye kijito. Mlango wa bahari unaouunganisha mji na kusini, Wrangell Narrows, ni mwembamba na una kona nyingi kiasi kwamba zile meli kubwa za kitalii haziupiti. Hilo moja tu limeuacha mji mikononi mwa wavuvi. Bandari imejaa boti za samoni, halibati na kaa, na boti zina injini, na injini zinaharibika. Dada alimpiga picha kijana mmoja aliyelala chali chini ya kifuniko cha mashine akitoa miguu tu nje, akamtumia Shemeji bila maneno. Shemeji akajibu: "Huyo anakosea kukaza."

Alinieleza duka la chakula kwa undani ambao sikuutegemea. Alikuwa ameingia siku moja kabla ya tishari la mizigo kufika kutoka Seattle. Rafu ya mboga ilikuwa na vitunguu vichache vilivyoanza kuchipua na kabichi moja iliyomenywa majani ya nje mara nyingi mpaka imekuwa ngumi. Maziwa yamekwisha. Wateja walikuwa wanapita pale bila hata kugeuza shingo. Akarudi kesho jioni, rafu imejaa, na nusu ya mji ulikuwa ndani unazungumza. Kwake hiyo ilikuwa habari njema. Upungufu wenye ratiba unaweza kuupangia.

Hospitali ya Petersburg ni ndogo, ina chumba cha dharura na wodi ya wazee, na iko katikati ya mji. Dada alitembea kutoka nyumba ya wageni mpaka mlangoni, akahesabu dakika sita. Mtoto akizidiwa, tiba ya kwanza ya pumu ipo: oksijeni, dawa ya mvuke, sindano, na mtu anayejua. Ndege ya wagonjwa inakuja baadaye kwa kile kisichowezekana hapo. Kwa pumu mpangilio huo ndio wenye maana, kwa sababu mashambulizi mengi huamuliwa katika saa ya kwanza. Mji wenye hospitali ndogo na ukungu unaweza kumsubirisha mtoto salama mpaka kesho asubuhi. Watu wa huku pia hulipia uanachama wa mwaka wa ndege za wagonjwa ili safari moja isije ikala nyumba yao.

Wrangell ilikuwa na kila kitu ambacho Petersburg inacho kwa kiasi kidogo zaidi. Watu 2,127, jeti ile ile, hospitali mpya iliyofunguliwa 2021, nyumba za bei nafuu kidogo. Dada alikaa usiku mmoja, akaomba apelekwe barabara ya Zimovia, kwenye kilomita ya 18 hivi. Usiku wa Novemba 20, 2023 mlima uliteremka pale na kuua watu 6. Alipofika alikuta msitu una alama ndefu ya udongo wazi kutoka juu mpaka baharini, miaka ya miti imefutwa kwa mstari mmoja. Hakushuka kwenye gari. Nilimkumbusha kwamba Sitka ilipoteza watu 3 Agosti 18, 2015 kwa sababu hiyo hiyo, na Haines nimeshaitaja. Hili ni suala la mteremko ulio juu ya nyumba, si la jina la mji. Alikubali kwa kichwa. Wrangell haikutajwa tena. Sikumbishia, mtu hahamishi watoto kwa hoja peke yake.

Petersburg yenyewe sehemu kubwa imekaa kwenye ardhi tambarare ya mboji iliyolowa kama sifongo. Nyumba hujengwa juu ya nguzo, na ukikanyaga pembeni ya njia mguu unazama. Milima iko, ila imesimama mbali na vitanda vya watu.

Sasa Sitka. Kura yangu mimi ilikuwa Sitka, na niliisema wazi. Watu 8,458, hospitali kubwa kuliko za wenzake, jeti zaidi, na helikopta za walinzi wa pwani zina kituo chao pale pale. Shule nyingi, kazi za uuguzi hazikauki, boti nyingi kama Petersburg. Mji una barabara ya kilomita 22 hivi kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Kwa mtu anayehesabu njia kama ninavyohesabu mimi, feri ndiyo udhaifu wake: kuifikia, meli hupita mlango mwembamba wa Sergius ambako mkondo wa maji ni mkali, nahodha lazima afuate saa za kujaa na kupwa. Lakini kwa jeti na hospitali, Sitka inaweza kuisahau feri.

Dada alinikumbusha jambo ambalo nilikuwa nimelipita. Agosti 29, 2024, miezi miwili tu kabla ya simu ya Shemeji, kebo ya chini ya bahari inayoihudumia Sitka ilikatika. Mji ukakaa kama wiki 2 bila intaneti ya kawaida, na wengi bila simu za mkononi. Benki, dawa za kuagizwa, rufaa za wagonjwa, kila kitu kilitafuta njia ya kupita, watu wakapanga foleni kwenye vyombo vichache vya satelaiti. Mimi nilikuwa nahesabu njia za miili ya watu. Taarifa nazo zina njia zao, na Sitka ilikuwa imening'inia kwenye uzi mmoja.

Bado nilisema Sitka. Kilichoiangusha ni kitu kisicho na utukufu wowote: nyumba. Kuanzia Novemba mpaka Februari walitafuta nyumba ya vyumba vitatu ya kupanga kwa mwaka mzima. Walipata vyumba vya kupanga mpaka Mei tu, kwa sababu kuanzia Mei mwenye nyumba anapangisha watalii kwa usiku. Mara mbili walijibiwa nyumba ipo, wakituma maombi wanaambiwa imeshachukuliwa. Petersburg, Dada aliandika ujumbe mmoja tu kwa muuguzi aliyekutana naye kwenye korido ya hospitali. Baada ya siku nne akapigiwa simu na mwanamke ambaye kaka yake ana nyumba.

Walihama Juni, kwa feri, gari limejaa mpaka kioo cha nyuma hakionyeshi kitu.

Uchambuzi wangu ulikuwa na kosa moja kubwa. Petersburg hupata zaidi ya milimita 2,500 za mvua kwa mwaka. Kumbe Dada alikuwa ameikimbia Ketchikan akaingia kwa ndugu yake. Hilo tulilijua na tulilijadili kama jambo la moyo: giza la Desemba, jua kuchomoza baada ya saa mbili asubuhi na saa tisa na nusu alasiri limeshazama, mtu kulala mapema na kuamka na huzuni. Tuliandaa taa za mwanga, tukaandaa bwawa la kuogelea la ndani, tukaandaa na safari ya Februari. Nilichosahau ni ukuta. Nyumba ile ya kaka wa yule mwanamke ilikuwa ya zamani, madirisha ya kioo kimoja, na mwezi wa tatu tangu wahamie mtoto alianza kukohoa usiku bila kikomo. Dada alimbadilishia inhela na kufua mashuka kwa maji ya moto. Siku moja Shemeji akasogeza kabati la nguo lililoegemea ukuta wa nje ili atafute soketi. Nyuma yake ukuta wote ulikuwa na vidoadoa vyeusi kuanzia sakafuni mpaka kimo cha kiuno, vimeshikana kama masizi ya sufuria. Kuvu. Mtoto alikuwa analala upande wa pili wa kabati hilo.

Miezi kadhaa nimepiga ramani za ndege na saa za mipaka, na hakuna hata mmoja wetu aliyesema: kwa mtoto wa pumu kwenye nchi ya mvua, kagua nyuma ya makabati kabla ya kusaini. Mwenye nyumba hakukataa, ila hakuharakisha. Walihamia nyumba nyingine mtaa wa pili, ndogo zaidi, yenye pampu ya joto na mashine ya kunyonya unyevu ambayo Shemeji humwaga maji yake kila asubuhi na kutangaza lita.

Novemba ukungu ulikaa siku tatu. Jeti ilipita juu mara mbili bila kutua, na usiku wa pili mtoto alibanwa. Dada alikuwa zamu, kwa hiyo aliyembeba ni Shemeji, kwa miguu, kwa sababu kuwasha gari na kukwangua barafu kungechukua muda mrefu kuliko njia yenyewe. Mama mtu ndiye aliyefungua mlango wa dharura. Walimweka kwenye dawa ya mvuke, akapata nafuu alfajiri, akaomba katuni. Ndege ya wagonjwa haikuitwa.

Wiki iliyopita Shemeji amenipigia tena usiku, na ile sauti yake ya kulipa. Pasipoti imetoka. Amekata tiketi ya feri mpaka Haines yeye na gari na wote wanne, mwezi wa tano theluji ikiyeyuka. Nikamuuliza anakwenda kufanya nini huko.

"Kuendesha tu, kaka. Nifike mpakani, niwaonyeshe, nipite."